Namba ya Jioni

Mbeya, Jumatatu 18 Novemba 1974

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa nane mchana, na saa nane na robo Ndugu Mkuu wa kituo akaja kuamuru madirisha ya chumba cha mashine yafungwe mpaka Mei. Mashine haipendi unyevu. Mimi ninachokipenda hakuna aliyeuliza. Basi nimeanza daftari hili, maana mtu aliyefungiwa asipopata wa kusema naye atasema na ukuta, na ukuta wa humu una rangi ya uji.

Mimi ni Esta Kalinga wa Ilula, mkoani Iringa, mwandishi wa programu katika mradi wa mto. Nilisomeshwa kazi hii Uingereza miaka miwili, na kwa miaka hiyo nikatia saini kuutumikia mradi mitano. Nimetumikia miwili na nusu. Mashine yenyewe ni msaada; walioileta wamekwisha rudi kwao, na mwaka huu serikali imezuia mashine nyingine kuingia nchini. Kwa hiyo mimi na hii tumeoana bila mchungaji.

Barua yangu ya kuomba uhamisho wa Iringa iko kwenye droo ya kulia ya Ndugu Mkuu tangu Julai.

Jumatano 20 Novemba

Mvua. Damari, mtoboaji wetu, ametoboa tepe nne za namba za mto.

Jumatano 27 Novemba

Mvua tena. Ndugu Mkuu, yaani Edmund Mwambene, amepita na wageni kuwaonyesha mashine. Akawasomea ripoti yetu ya Agosti kwa sauti ya mimbarini: kwa miaka mitano maji ya mto pale Lyamagoha, bondeni Usangu, hayajawahi kuvuka futi nne na nukta mbili kwenye mti wa kupimia. Uwanja wa kijiji kipya uko usawa wa futi sita. Kwa ripoti hiyo kaya mia tatu na kumi na mbili zilihamishiwa pale mwezi wa tisa. "Mashine haikosei," akasema, na wageni wakaitazama kama ng'ombe wa maonyesho.

Mimi niliyeiandikia programu nilikuwa nimesimama kando na kitambaa cha vumbi. Sikutajwa. Nilikasirika mpaka jioni.

Jumanne 3 Desemba

Leo amekuja mtu anayesoma mti wa kupimia kule Lyamagoha. Anaitwa Mzee Nkuba, Msukuma aliyeshuka Usangu na ng'ombe wake tangu zamani, na nyumba yake iko juu ya kichuguu kikubwa mkabala na mto. Alikuja na fomu za Oktoba na Novemba ndani ya kopo la maziwa ya unga, amelifunga kwa ukanda wa ngozi. Fomu zilikuwa kavu. Yeye alikuwa amelowa chapa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu. Ninyi ndiyo mliniletea majirani?"

Kwao mayu ni mama. Humwita hivyo hata mtoto wa kike wa jana. Nikamwambia majirani wameletwa na serikali.

"Serikali imesema imeambiwa na mashine. Sasa mimi nimekuja kuiambia mashine. Pale mmewaweka, mwaka ule wa juzi ng'ombe yangu ilisimama kwenye maji mpaka magoti. Pale pale. Nimekata alama kwenye nguzo ya zizi, njoo uone."

Nikamjibu kwa upole, ule upole wa mtu aliyesoma, kwamba namba alizoziandika yeye mwenyewe miaka yote zimepitishwa kwenye mashine na kubwa kuliko zote ni nne na nukta mbili. Akasema, "Namba yangu?" Nikasema, "Namba yako, mzee."

Kisha nikamgombeza. Fomu ina safu mbili, asubuhi na jioni, na safu ya jioni ilikuwa na mapengo matano.

"Jioni mto ukikasirika siendi, mayu. Hata ng'ombe inakataa."

"Mzee, mashine inahesabu mbili mbili. Ukiruka moja inapotea njia. Usiache hata moja. Asubuhi na jioni, inyeshe isinyeshe."

Nikampa kalamu atie saini kwamba ameelewa. Alitia, taratibu, herufi moja moja. Akafunga kopo lake. "Basi nitakwenda," akasema.

Kichwa kimeniuma kwa harufu ya nguo mbichi.

Jumamosi 21 Desemba

Barua ya mama: "Kamwene, mwanangu. Nyanya zimeiva, lakini kwa mvua hii mabasi hayasimami, zinaoza kando ya barabara. Unakuja lini?" Nimeomba likizo. Ndugu Mkuu amesema Januari kuna ripoti ya pili.

Jumatano 25 Desemba

Kanisani, kisha chumbani kwangu mtaa wa Soweto. Wali, kuku wa Damari, mvua. Malori ya wajenzi wa reli yamekwama Uyole, kwenye barabara ya Iringa, tangu juzi, kwa hiyo hata ningepewa likizo nisingefika Ilula.

Jumatano 8 Januari 1975

Fomu ya Desemba imefika kwa lori. Safu ya jioni haina pengo hata moja. Nilifurahi. Nikamwonyesha Damari: "Unaona? Mzee akigombezwa anasikia."

Alhamisi 9 Januari

Niandike kwa mpango.

Asubuhi Damari alitoboa utepe wa Desemba, mimi nikaupitisha kwenye mashine. Teleprinta ikaandika: kubwa kuliko zote, futi tatu na nukta sita. Nikaitupia jicho fomu iliyokuwa mezani na chai yangu juu yake. Tarehe 19, asubuhi: tano na nukta moja.

Nilidhani Damari amekosea. Damari hakukosea. Anasoma matundu ya utepe kwa vidole kama mwingine asomavyo gazeti, akaupapasa akasema, "Tano nukta moja ipo hapa, dada. Mashine yako imeipita."

Nikafungua programu. Hapa inabidi nieleze makro, ili siku nitakapojitetea nisijidanganye. Makro ni jina fupi. Unaandika KUBWA, na programu ya kupanga inaliondoa jina hilo na kuweka mahali pake mistari uliyoificha chini yake, pamoja na chochote ulichokiandika ubavuni mwa jina, neno kwa neno, bila kukitazama. Niliiandika mwaka juzi na nilijisifu nayo wiki nzima. Mistari minne tu! Kila palipotakiwa kulinganisha namba mbili na kubaki na iliyo kubwa, nikapachika KUBWA. Ni mahali ishirini na tatu.

Sasa, mistari ile minne inaitaja namba mara mbili: kwanza kuilinganisha, kisha kuihifadhi. Ukiipa namba ambayo imekwisha kaa ndani ya mashine, hakuna neno. Lakini mimi kwa haraka zangu, na kwa kupenda kuonekana fundi, sikuipa namba. Niliipa amri ya SOMA, yaani soma namba inayofuata kwenye utepe. Makro haikuuliza. Ikaiandika SOMA mara mbili. Kwa hiyo mashine inasoma namba ya asubuhi, inaona ni kubwa kuliko zote, inakubali kuihifadhi, halafu inasoma tena, na inayohifadhiwa ni ya jioni.

Nilimweleza Damari. Akasema, "Ni kama mtu amebisha hodi, ukamuuliza nani, akakujibu vizuri, halafu ukamfungulia aliye nyuma yake."

Ndivyo. Na mto wa bondeni hujaa alfajiri kwa mvua ya milimani ya usiku uliopita, jioni umepungua. Mashine yangu katika namba za miaka mitano imeona kila furiko, na kila mara ikaandika kilichokuja baada ya furiko.

Kaya mia tatu na kumi na mbili. Nilimjibu yule mzee kwa upole.

Ijumaa 10 Januari

Fomu za zamani zilipelekwa Dar es Salaam. Tulizo nazo ni tepe tu. Damari ameupapasa ule wa Machi 1972, mita baada ya mita, midomo ikicheza. Saa tisa akasimama. "Saba nukta moja. Tarehe kumi na nne, asubuhi."

Futi saba. Uwanja uko kwenye sita. Magoti ya ng'ombe.

Ndugu Mkuu hawezi kupeleka vidole vya Damari kwa wakubwa. Mashine ndiyo iliyosema nne, mashine ndiyo itakayosema saba. Niirekebishe kwanza.

Jumatatu 13 Januari

Njia ya kitabuni ni kuiondoa makro na kuweka funksheni: inapokea namba mara moja, inaitia mfukoni, ndipo inaitumia itakavyo. Nimeiweka mahali pamoja ili sehemu zote ishirini na tatu ziiite. Imeshindikana. Mashine inapokwenda kule na kurudi, utepe haungoji. Tundu moja linapita bila kusomwa.

Umeme umekatika saa saba. Chumba hakina hewa.

Alhamisi 16 Januari

Nimeipata, nadhani. Nisiiite funksheni kutoka mbali. Niipande mahali pale pale inapotakiwa, kama makro ilivyokuwa, lakini iwe funksheni kweli: ichukue kitu kimoja, mara moja, ikikague. Ikiona si namba, au pengo, isimame na kupiga kengele. Isibuni.

Tatizo ni nafasi. Kila mahali panataka nafasi tano zaidi. Mara ishirini na tatu ni mia na kumi na tano. Kumbukumbu yote ya mashine imebakiwa na sitini na moja. Mimi chumbani nafasi sina, mashine ndani yake nafasi haina.

Jumatatu 20 Januari

Mvua siku ya sita mfululizo. Nimepanda saba, zimebaki kumi na sita.

Kumbuka: kumwandikia Mzee Nkuba kwamba jioni si lazima. Inayotakiwa ni ya asubuhi, na programu mpya haihesabu tena mbili mbili.

Jumatatu 27 Januari

Nimepanda kumi na mbili, imebaki nafasi moja. Ndugu Mkuu ameuliza ripoti ya pili iko wapi. Nikasema mashine ina unyevu. Akaja mwenyewe kukagua madirisha. Mwoga yule, anaogopa hata ukungu.

Jumatatu 3 Februari

Nimemaliza. Nafasi zilizopungua nimezipata kwa kukifuta kichwa cha ripoti: jina la mradi, mstari wa nyota, na "Edmund Mwambene, Mkuu wa Kituo" kwa herufi kubwa. Kichwa kile kilikula nafasi sitini. Damari alicheka mpaka akakaa chini: "Dada, umemtoa Mkuu ili mto uingie!"

Tukapitisha tepe za miaka mitano; kila kengele ilipolia kwenye pengo, Damari aliweka sifuri tukaendelea. Teleprinta ikaandika bila salamu wala nyota: 7.1.

Jumanne 4 Februari

Nilimpelekea karatasi. Aliigeuza nyuma na mbele.

"Hii haina kichwa, Ndugu Kalinga."

"Nafasi haikutosha, Ndugu Mkuu. Nikirudisha kichwa, inabidi nirudishe na makro, na itasema nne tena."

"Bila kichwa si karatasi ya ofisi. Siwezi kuipeleka popote." Akaivua miwani. "Kwa nini ya kwanza ilisema nne?"

"Kwa sababu niliiandika vibaya."

"Basi andika hivyo. Kwa mkono wako, jina lako, saini yako. Hiyo nitaipeleka." Akafungua droo ya kulia, akatoa barua yangu ya uhamisho na kuiweka mezani baina yetu. "Hii niliitia saini jana. Nilitaka kukupa Ijumaa. Ukiandika ile, hii haipo tena. Na wako watakaoiita hujuma, sitaweza kuwazuia. Fikiri."

Sijui kama alinitisha au alinihurumia. Nimerudi chumbani, nimekaa.

Jumatano 5 Februari

Mvua. Sijaandika.

Alhamisi 6 Februari

Sijaandika. Labda mwaka huu mto hautajaa.

Ijumaa 7 Februari

Barua ya mama. Anakohoa. Anauliza lini.

Jumatatu 10 Februari

Kumekauka siku nzima, jua kali, nikajiambia unaona. Saa kumi na moja ikaanza tena.

Jumatano 12 Februari

Damari hakunisalimia asubuhi. Mchana akaweka chai yangu mezani akasema, "Mficha uchi hazai, dada." Akarudi kwenye tepe zake.

Nimemchukia siku nzima kwa sababu asemalo ni kweli. Nimemchukia Mkuu. Nimemchukia yule mzee na kopo lake, kwamba asingekuja nisingelijua jina la mtu hata mmoja kule. Mimi nataka kwenda nyumbani. Nataka kusimama kando ya barabara ya Ilula na beseni la nyanya kichwani kama mtoto wa kawaida wa mama yangu, bila mtu kuniuliza maji yamefika futi ngapi.

Alhamisi 13 Februari

Nimeandika. Ukurasa mmoja. "Mimi Esta Kalinga nilikosea." Nimeomba kaya zote zilizohamishiwa Lyamagoha mwezi wa tisa zipandishwe mwinuko kabla ya Machi. Nimetia saini. Ndugu Mkuu aliisoma amesimama. Akachukua koti la mvua, akaiendesha Land Rover mwenyewe kwenda kwa wakubwa, kwani dereva alikuwa mgonjwa.

Jumatatu 17 Februari

Hajarudi.

Jumanne 18 Februari

Amerudi. Alikaa kwenye benchi la nje siku mbili kabla ya kuitwa ndani, na walipomwita walimfokea yeye, si mimi. Amewaambia kosa ni la kituo. Malori yatakwenda. Uhamisho wangu umefutwa na mkataba umeongezwa mwaka mmoja. Alinieleza yote hayo huku akikamua maji kwenye soksi.

Kurasa za nyuma nilimwita mwoga. Siwezi kuzichana, nimeandika kwa wino, lakini hapa naandika kwamba si kweli.

Jumamosi 1 Machi

Malori yamepita Uyole alfajiri. Damari aliyahesabu: kumi na moja.

Jumanne 4 Machi

Habari imefika: kaya zote mia tatu na kumi na mbili ziko mwinukoni. Nimelala kama gogo.

Ijumaa 7 Machi

Milima haionekani. Mvua ya namna hii hata Damari, mzaliwa wa hapa, anasema hajaiona.

Jumatatu 10 Machi

Saa nne amekuja mwanamke mtu mzima, amevaa kaniki, miguu ina matope mpaka magotini. Akasema anaitwa Mbuke, mke wa Nkuba. Mkononi alikuwa na lile kopo la maziwa, limefungwa kwa ukanda wa ngozi.

Nilimwamkia, nikamwekea kiti. Hakukaa.

"Alisema hii isichelewe," akasema. "Alisema mama wa mashine anagombeza."

Nikauliza mzee yuko wapi.

"Alhamisi maji ilikuwa imejaa asubuhi, akaenda akaandika, akarudi. Jioni ilikuwa bado kubwa. Nikamwambia acha. Ng'ombe ilikataa kusogea. Akasema ametia saini." Akalishika kopo kwa mikono miwili. "Kopo aliliacha ndani. Alikwenda na kalamu tu. Jumamosi watu wa mwinukoni walimpata kwenye matete."

Malori yalikwenda yakarudi, na hakuna aliyemgusa. Niliandika "kaya zilizohamishiwa". Yeye hakuhamishiwa; alikuwa pale siku zote, na nyumba yake juu ya kichuguu haikuingia tone. Alichokufia ni ile safu ya pili ya fomu. Nimerudi kwenye ukurasa wa tarehe 20 Januari na kuusoma. Kumbuka, nimeandika. Nilikuwa na kalamu mkononi, bahasha zipo, stempu zipo.

Nilimwambia Mama Mbuke. Nilipiga magoti kwenye sakafu ile ya saruji nikamwambia yote, kwamba namba ya jioni haikuwa na kazi, kwamba nilijua tangu Januari. Hakunipiga. Heri angenipiga. Aliuliza, "Na ile ya asubuhi?"

"Ya asubuhi ilikuwa na kazi, mama."

"Basi itie," akasema.

Ndugu Mkuu akaja, akavua kofia. Damari akaitoa fomu. Ilikuwa kavu. Tarehe mosi, asubuhi na jioni; mbili, asubuhi na jioni; tatu, nne, tano. Tarehe sita asubuhi, kwa herufi zake za taratibu: saba nukta nne. Kando yake kisanduku kitupu.

Damari akatoboa, machozi yakimdondoka juu ya mashine ya kutobolea, nikaupitisha utepe. Mama Mbuke alisimama karibu kabisa, kaniki yake inachuruza maji sakafuni, na hakuna aliyemwambia kuhusu unyevu. Teleprinta ikaandika 7.4. Kisha utepe ukasogea tundu moja, ukafika kwenye pengo, na kengele ikalia.

"Inasema nini?" akauliza Mama Mbuke.

"Inataka namba ya jioni," nikamjibu.

Damari akaniuliza kwa sauti ya chini, "Niiwekee sifuri, dada?"

Nikamwambia hapana. Tuliiacha ilie. Mama Mbuke akavuta kiti nilichomwekea mwanzo, akakaa mbele ya mashine na kopo mapajani, akaisikiliza.